Marceline Mumba na Chokaa ya Nyungunyungu

Baba na mama, majirani wa Kikula, familia ya Mumba inawaomba utulivu, tuwasomee maisha ya dada yetu kama yalivyokuwa.

Marceline alizaliwa Kambove tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa tatu wa baba Michel, seremala, na mama Colette, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Likasi, kisha biolojia Lubumbashi, alikohitimu Julai 2008, akarudi kufundisha mjini kwetu hadi mwili ulipokataa.

Tarehe 6 Juni 2009 alifunga ndoa na Jean-Luc Ngoie, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa Elikia mwaka 2011 na Merdi mwaka 2016.

Kazi aliyoipenda ilikuwa nyungunyungu, minyoo wa udongoni, aliowafuga katika masanduku nyuma ya nyumba, wengine katika udongo uliochanganywa na maganda ya mayai yaliyosagwa, wengine katika udongo mtupu wa Kambove, akitaka kujua jinsi tezi zilizo kwenye umio wao zinavyonyonya kalsiamu ya chakula na kuitoa tena ikiwa punje ngumu za chokaa, nyeupe, ndogo kuliko za sukari.

Tarehe 2 Agosti 2019 malaria ilimchukua Merdi, na juma lililofuata mama mkwe, Mama Blandine, aliziona punje zile zikikauka kwenye kisahani, akapiga kelele hadi barabarani kwamba mkwewe ni mchawi: "Muangalie mifupa ya Merdi, minyoo yake iko inaitapika!" Marceline, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, alimwekea tezi chini ya lenzi, akaeleza polepole kama darasani, lakini Jean-Luc, ambaye alijua vizuri chokaa ni nini, alimwaga chumvi katika masanduku yote, akasimama kuwatazama nyungunyungu wakijikunja, halafu akamtoa mkewe nje na kufunga lango, Elikia akilia ndani.

Alihamia kwa kaka yake Papy, akafuga wengine, na kila Jumapili alisimama ng'ambo ya kanisa amwone binti yake akitoka, nao Jean-Luc na mama yake wakampitisha mtoto mlango wa nyuma.

Novemba 2024 alilazwa, kansa ya titi ikiwa imeingia mifupani, akaomba kitu kimoja tu, na Jean-Luc akajibu kwa simu: "Ukubali kwanza ulimukula Merdi, kisha utamuona mutoto." Alikataa hadi Januari, aliposhindwa hata kujigeuza kitandani, ndipo akasema kwa simu: "Ni miye nilimukula Merdi, sasa muniletee Elikia." Sauti hiyo, ambayo Jean-Luc aliirekodi, ilipigwa kanisani kwa vipaza sauti, watu wakashangilia, Elikia akiwa benchi la mbele, na hospitalini hakuletwa mtu. Marceline alifariki tarehe 9 Februari 2025, mchana, macho yakiwa mlangoni.

Elikia, mama yako hakumla mtu, alisema uongo ule ili akuone.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwosha kwa heshima, majirani waliopika, walimu wenzake waliomfundishia madarasa yake, na mwisho tunamshukuru shemeji Jean-Luc, ambaye leo, kwa kuwa watu wanatazama, amemleta mtoto.

Pumzika sasa, Marceline, Elikia amefika.