Eleuterio Barragán, Muulizaji wa Chirimoyo

Marehemu Eleuterio Barragán Tovar alizaliwa Tlalpujahua, Michoacán, tarehe 20 Februari 1929, kitinda mimba wa Fidencio na Eduwiges. Alisoma hadi darasa la nne. Baba alipofariki, mama alihamia jijini Mexico na watoto wawili na cherehani.

Mwaka 1948 aliajiriwa kufagia hema la vichekesho mtaani Guerrero. Siku moja muulizaji aliugua, marehemu akasukumwa jukwaani kando ya mchekeshaji Chirimoyo. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali, kisha kulisikia jibu bila kucheka. Wapo wanaodhani hiyo ni kazi ndogo, na wajaribu. Yeye alitia punje ya mahindi makavu kiatuni, akaikanyaga kila kicheko kilipompanda. Kwa miaka kumi na mitatu aliuliza, Chirimoyo akajibu, watu wakavunjika mbavu. Mwaka 1961 Chirimoyo aliitwa kwenye sinema, akaahidi kutuma mtu amchukue. Hakutuma. Marehemu aliuza kofia dukani miaka thelathini, na hakumsema vibaya hata siku moja.

Tarehe 6 Juni 1953 alimwoa Hortensia Luna, mkata tiketi wa hemani. Hawakujaliwa mtoto. Hortensia alitangulia mwaka 1994, na tangu hapo marehemu alikula peke yake, redio ikiwa imewashwa ili nyumba isiwe kimya.

Mwaka 2013 walikuja watu waliokuwa wakitengeneza filamu ya maisha ya Chirimoyo, ambaye nchi nzima ilikuwa imekwisha kumlilia na kumzika. Walikaa alasiri tatu, wakanywa kahawa yake, wakaazima picha yake pekee ya jukwaani, wakamhakikishia kwamba atakuwemo. Mtaa mzima uliambiwa. Ijumaa tarehe 12 Septemba 2014, siku filamu ilipoanza kuonyeshwa, alivaa suti yake ya jukwaani, akamwomba mpwa wake Nazaria amsindikize. Nazaria, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alisema hawezi kuacha kibanda chake cha tamales, maandazi ya mahindi ya kuchemshwa kwa mvuke. Angeweza.

Alirudi akichechemea. Nazaria alimuuliza, "Mjomba, umo?"

"Nimo," alisema. "Mkono."

Nazaria akacheka, akidhani ni mzaha. Kumbe mwishoni mwa filamu, picha waliyoazima ilionyeshwa ikiwa imekatwa, na kilichobaki cha marehemu ni mkono wake begani kwa Chirimoyo. Alipovua kiatu, punje ya mahindi ilidondoka sakafuni. Alirudi kuitazama filamu mara nne, peke yake, akikaa hadi jina la mwisho lipite.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2015. Picha ilirudishwa kwa posta, na Nazaria, kwa hasira, alishika mkasi ili naye amkate Chirimoyo. Marehemu alimshika mkono.

"Usimkate, binti yangu. Nikiuliza, nani atanijibu?"

Alifariki Alhamisi tarehe 3 Machi 2016, saa nne asubuhi, hospitalini, Nazaria akiwa ameshika mkono uleule.

Ameacha mpwa wake huyo, watoto wawili wa Nazaria, na jirani yake Doña Refugio, aliyempelekea supu kila Jumapili. Picha iliyo kwenye jalada la ratiba hii ndiyo ile, nzima. Wa kulia ni Chirimoyo, mnamjua. Wa kushoto, asiyecheka, ni Eleuterio Barragán Tovar.

Mjomba, pumzika kwa amani. Kiatuni hatukuweka kitu, sasa cheka.