Papa Hubert na Ubeti Asiouimba

Kisangani, Jumamosi tarehe 9 Juni 1984.

Naanza na tarehe, kama tulivyofundishwa, na baada ya tarehe naweka ahadi: nitasema yote ninayoyajua juu ya Papa Hubert, yanayochekesha na yasiyochekesha, wala sitaficha kitu ili wasifu huu upendeze.

Papa Hubert, mpishi mkuu wa bweni letu la wasichana, atastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni, baada ya kutumikia jiko hili miaka thelathini na mitatu. Alifika mwaka 1951 akiwa kijana wa kupasua kuni. Kwenye karatasi za kazi anaitwa citoyen, yaani raia, Lukumani. Jikoni anaitwa Papa Hubert, na hata waliotaka kumzoeza jina la karatasi walichoka kabla yake.

Kwa kawaida kazi ya kuandika wasifu wa anayestaafu hupewa mwalimu. Safari hii walimu wenyewe walisema kwamba wote walimkuta Papa Hubert hapa, na kwamba sisi wa bwenini tunamsikia kuliko wao, kwa kuwa ukuta wetu na ukuta wa jiko ni mmoja. Ni kweli. Kwetu ni Kindu, na likizo fupi haitoshi kwenda na kurudi. Wenzangu wakiondoka na bweni likabaki na vitanda vitupu, sauti inayobaki ni ya kwake.

Tuanze na kazi. Papa Hubert alipasua kuni, akaosha masufuria, akakoroga uji, na mwaka 1962 akakabidhiwa mwiko mkubwa. Wasichana waliopita hapa, ambao wengine leo ni wauguzi na walimu, wote wamekula lituma yake, ndizi zilizopondwa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Wakati wa matata ya mwaka 1964, shule ilipofungwa na watu wengi wakakimbilia msituni upande wa Masako, yeye alibaki na wasichana waliokosa njia ya kurudi kwao. Aliwapikia sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na bila mafuta. Anasema mpaka leo kwamba wale ndio wateja pekee ambao hawajamlalamikia.

Siku moja alikuja inspekta, akataka kuona chakula cha wanafunzi kwa macho yake. Akafunua sufuria, akainama kunusa, na miwani yake ikaanguka ndani ya sombe. Papa Hubert alimpakulia sahani kwa heshima zote, akamwambia, "Citoyen, macho yako iko chini ya majani. Kula polepole." Inspekta alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la muhogo, na katika ripoti yake jiko lilipata alama nzuri kuliko madarasa.

Sasa nafika kwenye muziki, kwa sababu mtu hawezi kumweleza Papa Hubert bila Petifa na Buni.

Kabla ya matata, shule yetu ilikuwa na mwalimu Mwingereza, Miss Aldous, aliyekaa katika nyumba ndogo nyuma ya jiko. Kila Jumapili baada ya chakula alifungua dirisha na kuweka sahani moja ya muziki kwenye santuri. Walioimba ndani yake walikuwa Waingereza wawili, Pettifer na Boone, ambao jikoni waliitwa Petifa na Buni, mabingwa wa nyimbo za kuchekesha. Picha yao ipo mpaka leo juu ya bahasha ya sahani ile: mmoja mwembamba, anapiga piano na uso wa mtu aliyefiwa, mwingine mnene, ameshika kikombe cha chai, anakaribia kucheka. Hawakuimba juu ya mapenzi wala vita. Waliimba juu ya mwavuli mwoga, juu ya konokono aliyechelewa harusi yake, na juu ya birika la chai lililogombana na kifuniko chake.

Jikoni walikuwepo wawili pia. Papa Hubert alikuwa motoni, na kwenye tanuri alikuwepo Papa Zuberi, mwoka mikate wetu, mwana wa familia ya zamani ya Waislamu wa hapa mjini. Hawakujua Kiingereza. Walisimama chini ya dirisha na mikono ya unga, wakacheka pale Miss Aldous alipocheka. Mwisho aliwaonea huruma, akawaeleza maneno, nao wakayatia katika Kiswahili. Papa Hubert akawa Birika, Papa Zuberi akawa Kifuniko.

Birika linaanza kwa hasira: "Nimechemka tangu asubuhi, nani amenifungua kichwa?"

Kifuniko kinajibu kwa upole: "Ni mimi, mwenzio, nilitoka kidogo kutazama mvua."

Hapo wanagombana, ubeti kwa ubeti. Kifuniko kinaanguka sakafuni, kinabingirika mpaka chini ya kabati, na Birika linakataa kumimina hata tone mpaka kirudi. Mwishoni wanaimba pamoja: "Chai tayari!"

Miss Aldous aliporudi kwao aliwaachia sahani na santuri. Santuri ilikufa baadaye kwa kukosa sindano. Sahani ingali chumbani kwa Papa Hubert, imefungwa kwa kitambaa cha meza, na nyimbo zikaendelea bila mashine. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya kufunga shule, wapishi hawa wawili walipanda jukwaani. Mama mmoja muuguzi, aliyesoma hapa zamani hizo, aliniambia kwamba wazazi walikuja kusikia matokeo ya watoto lakini walibaki kwa ajili ya Birika.

Niliahidi kusema yote, kwa hiyo nasema pia habari ya mwaka 1974.

Mwaka ule walitarajiwa wageni wakubwa, na shule iliambiwa kwamba nyimbo za sikukuu ziwe za kulisifu taifa. Wimbo wa Birika ulikuwa karibu kuondolewa. Papa Zuberi akatafuta njia ya kuuokoa: akabadilisha ubeti wa Kifuniko. Waliokuwepo wanasema alitaka kumwambia mwenzake asubuhi ile, lakini Papa Hubert alikuwa amezungukwa na kuku wa wageni, moshi na kelele, na nafasi haikupatikana. Wakapanda jukwaani. Birika likauliza nani amelifungua kichwa. Kifuniko kikatokea kifua mbele: "Ni mimi, Kifuniko mzalendo, nayaongoza mabirika yote kazini!"

Papa Hubert alibaki mdomo wazi. Hakuimba, hakusogea. Papa Zuberi akarudia ubeti wake, akarudia tena kwa nguvu zaidi, peke yake. Watu wakadhani ndio mchezo wenyewe, wakacheka mpaka wakashika matumbo, na wageni wakapiga makofi. Lakini nadhani Papa Zuberi hakusikia makofi. Alisikia kicheko tu, na upande wake aliona rafiki aliyemwacha asimame peke yake mbele ya umati.

Kabla shule haijafunguliwa tena, alihamia Ubundu, kwenye mwisho wa reli, akajenga tanuri karibu na stesheni. Tangu hapo mkate wetu unanunuliwa mjini.

Hawakutukanana. Wangetukanana labda ingekuwa rahisi. Kila treni inapokwenda Ubundu, Papa Hubert humwambia Asumani, ambaye ni mfanyakazi wa treni, "Unisalimie Zuberi." Kila treni inaporudi, Asumani husema, "Naye anakusalimia." Kwa miaka kumi zimepita salamu hizo tu, kwenda na kurudi, kama ndoo tupu.

Mwaka jana, siku za Pasaka, nilikuwa namsaidia kuchambua mchele. Bweni lilikuwa tupu. Alikuwa anaimba Birika akikoroga. Aliimba ubeti wa kwanza, akanyamaza, akaendelea kukoroga huku kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza. Kisha akaimba ubeti wa tatu. Nilikuwa nimeusikia ukimya ule mara nyingi kupitia ukutani, nikidhani amesahau maneno. Nikamuuliza.

"Papa, mbona pale katikati unanyamaza?"

"Sinyamaze. Pale iko ya Zuberi."

"Lakini hayupo, Papa. Si uimbe tu zote mbili?"

Akanitazama kama nimemwomba aibe. "Mutoto, mutu haimbake ya mwenzake kama mwenzake iko muzima. Siku nitaimba ya Zuberi, mujue Zuberi amekufa."

Hayo ndiyo mapatano yao tangu ujana: sehemu ya mtu ni ya mtu, na ukimya ule maana yake ni kwamba mwenye ubeti yu hai. Ningewaeleza wenzangu mapema, tusingefanya kosa tulilofanya Februari hii. Tulitaka kumfurahisha siku ya kuzaliwa kwake. Tukajifunza ubeti wa Kifuniko kwa yule mama muuguzi, tukajipanga nje ya jiko asubuhi na vikombe vyetu. Nilikuwa nimewaambia wasubiri amalize wimbo wote, lakini sikusema sababu kwa sauti ya kutosha, na wao walikuwa na furaha. Papa Hubert akaimba Birika, akanyamaza. Na wasichana wote, kwa sauti tamu, wakajibu: "Ni mimi, mwenzio, nilitoka kidogo kutazama mvua."

Mwiko ulimponyoka. Akatoka mlangoni na aproni yake, rangi imempotea usoni.

"Nani amewaletea habari?" akauliza. "Amekufa lini?"

Hakuna aliyeelewa ila mimi, nami nilichelewa kumweleza. Yeye alikwisha kutoka getini. Alikwenda stesheni kwa miguu, na aproni hivyo hivyo, akamkuta Asumani anapakua magunia. Asumani alisimulia baadaye kwamba hajawahi kushikwa mabega namna ile. "Papa Hubert, tulia! Zuberi iko muzima! Jana aliniuzia mukate na kunipunja, bon, mufu anaweza kupunja mutu?" Papa Hubert akaketi juu ya reli na kucheka, huku machozi yakimtoka. Siku ile bweni zima lilikwenda darasani bila chai, na hakuna aliyenung'unika.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Ndipo aliponiambia habari ya jukwaa, jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu.

"Zuberi anazania nilimwacha," alisema. "Sikumwacha. Kifuniko ilikuja na maneno mapya, na Birika haina jibu yake. Yeye alikuwa anaimba, mimi nilikuwa natafuta jibu. Natafuta, natafuta, sioni. Watu wanacheka, mimi natafuta tu."

"Mbona hukumtumia Asumani amwambie?"

"Neno kama hiyo haipite mu kinywa ya mutu wa tatu, mama. Itafika imepoa."

Tarehe 30 Juni Mama Mkurugenzi wa shule atamkabidhi Papa Hubert cheti na redio. Siku inayofuata atapanda mtumbwi wenye mashine kwenda Yanonge, kwa dada yake Mama Philomène, anayekausha samaki kule. Nimetazama ramani ya darasani. Ubundu ni juu ya maporomoko, Yanonge ni chini yake. Leo kuna treni moja kati ya marafiki hawa. Baada ya siku hiyo kutakuwa na treni, mji mzima na mto, wala hakuna Asumani wa mto.

Mama Mkurugenzi alimwomba aimbe siku ya kumuaga. Alikubali, lakini kwa desturi yake: ataimba ubeti wake na kunyamaza panapotakiwa kunyamaza. Wageni watadhani mzee amesahau. Watu wema watamsaidia kwa makofi. Sisi wa bwenini tumeapa kwamba hakuna atakayefungua mdomo, lakini sijui kama nitaweza kuutazama ukimya ule mbele ya watu wengi hivyo.

Wasifu huu nilimsomea jana jikoni, kwa sababu si haki kusema habari za mtu bila yeye kuzisikia. Nilipofika kwenye jukwaa aliacha kukoroga. Nilipomaliza alisema, "Ile ya inspekta umeifanya fupi." Halafu akauliza, bila kunitazama, "Na hii karatasi inakwenda Ubundu?"

Nikamwambia kwamba tutaipiga chapa tarehe 23, na kwamba kama yeye akiruhusu, nakala ya kwanza itapanda treni kabla ya hapo.

"Bon," akasema. "Basi ongeza pale chini kama mukate ya huku haina chumvi. Miaka kumi haina chumvi."

Nimeongeza.

Papa Hubert, asante kwa kila asubuhi uliyoamka kabla yetu ili tukute moto. Asante kwa kutufundisha kwamba kicheko kilichozaliwa mbali kinaweza kukaa katika jiko la Kisangani na kuzoea moshi wetu. Tunakuombea mapumziko mema Yanonge, samaki wanono, mvua ya kiasi, na mtu wa kunywa naye chai.

Na wewe, Papa Zuberi, msomaji wa kwanza wa karatasi hii, shikamoo. Hunijui. Jina langu ni Safi, wa mwaka wa tano. Sasa umesikia alichokuwa akifanya mwenzako pale jukwaani, na kimekufikia bila kupita kinywani mwa mtu, kwa maandishi tu, jinsi alivyokisema. Kwenye programu ya siku ya kumuaga, chini ya hotuba, kuna mstari huu: "Birika na Kifuniko, wimbo wa Petifa na Buni, utaimbwa na citoyen Lukumani na", kisha nafasi. Nafasi hiyo hakuna wa kuijaza hapa, na tumeiacha kama anavyoiacha yeye.

Asumani atalala Ubundu na kurudi na treni ile ile. Nakuomba sana umpe jibu yeye, lisingoje treni nyingine: tuandike jina lako?