Namba Moja ya Mwaka 2007: Wasifu wa Marehemu Ngusa Charles Mihayo

Marehemu Ngusa Charles Mihayo, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Juliana na wengine Ngusa wa Kibanda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1972 hapa Kolandoto, Shinyanga. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Charles Mihayo na Mama Apolonia, ambaye tuko naye leo, ameketi mstari wa mbele. Mama anakumbuka kwamba ilikuwa wakati wa kupalilia pamba, na kwamba mtoto alilia kwa sauti iliyowafanya majirani waje kuuliza kama ni mapacha.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzilazimisha. Alichokipenda ni gari la sinema, lililokuja mara moja moja na kutundika shuka jeupe uwanjani. Wakubwa walikaa mbele na watoto wakafukuzwa, kwa hiyo Ngusa na wenzake walitazama kutokea nyuma ya shuka, ambako kila kitu kiligeuka na wapiganaji wote wakaonekana mashoto. Kesho yake shuleni aliwasimulia waliokosa, kisha akawataka waseme ipi ilikuwa nzuri zaidi, hii au ile ya mara iliyopita. Aliyekataa kuchagua hakusimuliwa tena.

Mwaka 1993 alifuata dhahabu kama vijana wengi wa rika lake, akaingia machimbo ya Nyashilanga, upande ambao sasa ni Mkoa wa Geita. Mwaka 1999 alipata bahati kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, na kila mtu akajua kwamba atanunua ng'ombe, maana ni Msukuma na ana akili zake. Yeye alirudi kutoka Mwanza na televisheni, deki na jenereta. Baba yake hakusema naye hadi mavuno. Ngusa akajenga kibanda umiza cha kuonyeshea filamu, cha miti na maturubai, akapanga magogo ya kukalia, na wachimbaji wakaanza kumiminika wakiwa bado na vumbi kichwani.

Hapo ndipo alipokutana na Onesmo, kijana wa Kizinza aliyekuwa akifanya kazi ya kusaga mawe kwenye karasha. Onesmo alikuwa akisimama kando ya televisheni na kuwatafsiria watazamaji. Kihindi alichokijua kingeenea kwenye kizibo cha soda na nafasi ikabaki, lakini alijua kusoma nyuso za watu, akaziwekea maneno, na watazamaji walicheka palipochekesha na kulia palipoliza. Ngusa alimpenda kama mdogo wake wa kuzaliwa naye.

Kila mwaka, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, watazamaji wa kibanda hicho walikuwa na desturi waliyoiita kupanga mwaka. Watu wachache walishika makasha ya filamu kifuani, na kila mtazamaji alisimama nyuma ya filamu aliyoipenda, mkono begani kwa aliye mbele yake. Foleni ndefu kuliko zote ndiyo iliyokuwa namba moja. Matokeo yaliandikwa kwa rangi kwenye ubao wa mlangoni. Mwenye kibanda hakuruhusiwa kusimama popote; hiyo ilikuwa sheria ya Ngusa mwenyewe, ili asionekane anajipendelea. Wageni wa mjini waliwacheka, kwa sababu filamu nyingine waliyoipa ubingwa ilikuwa imetengenezwa kabla Ngusa hajaota ndevu. Yeye aliwajibu, “Mwaka wa filamu ni mwaka ilipotufikia sisi.”

Foleni hiyo ndiyo iliyompatia mke. Katika upangaji wa kwanza kabisa, binti aliyekuwa akiuza vitumbua nje ya kibanda aliingia akasimama peke yake nyuma ya filamu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Ngusa akamwambia, “Dada, wewe hujawahi kukaa humu ndani hata siku moja.” Binti akamjibu, “Naisikia kupitia turubai. Ni hiyo tu inayonifanya nisahau kugeuza vitumbua.” Ngusa alisema ile ndiyo sababu nzito kuliko zote alizopata kusikia. Alifunga ndoa na Sesilia kanisani hapa Kolandoto tarehe 26 Agosti 2000, na Mungu akawajalia watoto wawili, Juliana na Ignas.

Wasifu huu haungekuwa wa kweli bila kugusa mwaka 2007. Novemba ya mwaka huo duara moja liliporomoka Nyashilanga, na Mwigulu, mdogo wake Onesmo, akafukiwa na kifusi. Ngusa alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi lake. Baada ya matanga Onesmo alirudi kazini, na filamu iliyokuwa imefika ilikuwa ya Kihindi, ambayo kibandani waliibatiza Baba wa Treni. Mzee wa reli anamtafuta binti yake aliyepotea, anahangaika mji hadi mji, mwisho anampata stesheni. Palepale, akiwa ameegemea bega la binti, mzee anafumba macho. Onesmo akatafsiri: “Amelala. Amechoka na safari. Asubuhi binti yake atamwamsha.”

Wachimbaji walitoka wakifuta machozi na kutabasamu. Desemba ilipofika, foleni ya Baba wa Treni ilitoka nje ya kibanda ikafika hadi kwa mama ntilie.

Mwezi wa pili mwaka 2008 mfanyabiashara mmoja kutoka Kahama, aliyekuwa ameiona filamu hiyo na maandishi yake ya Kiingereza, alimwambia Ngusa kwamba yule mzee anakufa. Ngusa alikuwa mtu mnyoofu, na unyoofu wake wakati mwingine ulikuwa na makali. Alimwuliza Onesmo mbele ya watazamaji.

“Yule mzee alikufa au hakufa?”

“Alikufa.”

“Sasa kwa nini uliwadanganya watu?”

Ngusa alichukua brashi, akaifuta namba moja ya mwaka 2007 ubaoni, na kesho yake Onesmo akaondoka Nyashilanga. Alikwenda Isaka, akapata kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandari kavu. Tangu hapo hawakujuliana hali. Ngusa, aliyemfukia Mwigulu kwa koleo lake mwenyewe, hakuwahi kuliunganisha kaburi lile na maneno yale. Tunayasema haya hadharani kwa sababu marehemu aliagiza yasemwe.

Mwaka 2011 alihamishia kibanda Kahama mjini. Simu zilipoingia mikononi mwa watu, magogo yalianza kubaki wazi, lakini kila mwisho wa mwaka watazamaji wa zamani walikuja kupanga mwaka wao, wengine wakiwa na wajukuu. Ubao wote ulinakiliwa ukutani, miaka yote, na mbele ya 2007 pakaachwa mahali patupu. Aliyeuliza aliambiwa, “Paacheni.” Alimkumbuka Onesmo kila siku, na kila siku alijifanya hamkumbuki. Mama Juliana aliliona hilo, akalinyamazia.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2022. Vumbi la mwamba alilolivuta ujanani lilikuwa limekaa mapafuni likimsubiri. Alitibiwa sehemu mbalimbali, na Desemba 2024 alilazwa Hospitali ya Kolandoto, ambako madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo mkubwa, na familia inawashukuru sana. Hapo ndipo lilipotokea jambo lililogeuza siku zake za mwisho. Mama Apolonia alipiga simu kutoka nyumbani akiuliza hali ya mwanawe. Mama ana presha, na Sesilia hakuweza kumwambia kwamba Ngusa yuko kwenye oksijeni. Akamjibu, “Amelala, mayu. Amechoka tu. Akiamka nitakupigia.”

Ngusa hakuwa amelala. Alikuwa akimtazama mkewe, na machozi yakamtiririka hadi masikioni. Alipoweza kusema, alisema, “Sesilia, na Onesmo naye neno lilimshinda. Alikuwa ametoka kumzika Mwigulu. Niitieni Onesmo.”

Mwanzoni mwa Januari aliomba arudishwe nyumbani. Jumamosi ya tarehe 11 Onesmo aliteremka kwenye basi la Isaka, akaingia chumbani amevua kofia.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umezeeka, Onesmo.”

“Na wewe hujitazami kwenye kioo.”

Wakacheka, na kicheko kikamletea Ngusa kikohozi kirefu. Juliana alikuwa ameitafuta filamu ile akaipata kwenye simu yake. Onesmo aliishika simu na kuitafsiri yote, sauti ikiwa imekwaruza kidogo, Kihindi chake kikiwa kilekile cha kizibo. Mzee wa reli alipoegemea bega la binti yake, Onesmo akaisimamisha filamu.

“Malizia,” Ngusa akasema.

“Kaka, unajua kinachotokea hapa.”

“Najua. Malizia kama ulivyomalizia.”

“Amelala,” Onesmo akasema. “Amechoka na safari. Asubuhi binti yake atamwamsha.”

“Nilikuuliza sababu mbele ya watu,” Ngusa akasema, “na sababu tulikuwa tumeizika pamoja, mimi nikiwa na koleo mkononi. Unisamehe, mdogo wangu.”

Onesmo alilia, na hatuoni aibu kusema kwamba nyumba nzima ililia. Kisha Ngusa akavunja sheria yake. Alimwomba Onesmo akae ukingoni mwa kitanda ampe mgongo, aishike simu kifuani kama watu walivyoshika makasha, naye akanyoosha mkono akauweka begani kwake. Ilikuwa foleni ya mtu mmoja. “Namba moja, mwaka 2007,” akasema, kisha akamshukuru kwa Kisukuma: “Wabeja, Onesmo.” Jumatatu Ignas alikwenda Kahama, akapaandika pale palipokuwa patupu.

Marehemu alitutoka Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, nyumbani kwake hapa Kolandoto, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Asubuhi hiyo Juliana alimpelekea uji, akamwita, akakaa naye kidogo. Alipotoka, Onesmo alikuwa kibarazani.

“Ameamka?” Onesmo akauliza.

Juliana alikuwa bado ameshika kikombe. “Amelala, baba mdogo,” akasema. “Amechoka na safari.”

Onesmo akavua kofia.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Apolonia; mke, Sesilia; watoto wawili, Juliana na Ignas; dada yake Paskazia, anayewasomea wasifu huu; mdogo wake Onesmo, ambaye familia haitaki kuulizwa undugu ulianzia wapi; na watazamaji wa Nyashilanga na Kahama, ambao tunawaona wengi wenu hapa mmesimama, mikono mabegani.

Baba Juliana, safari ilikuwa ndefu. Lala kwa amani, na asubuhi akuamshe Yeye aliyekulaza.