Kijino cha Kanda ya Harusi: Maisha ya Clifford Wignall, 1946–2024

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi ambao mpaka leo mna kanda za dukani kwake mlizoazima mkasahau kurudisha, asanteni kwa kuja. Clifford amewasamehe.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1946 hapa Fleetwood, mtoto wa kwanza wa marehemu Harold Wignall wa kiwanda cha barafu bandarini na marehemu mama yetu Edith. Mimi Muriel ninayesoma ni mdogo wake wa pekee. Nikimsema kidogo mnivumilie, maana nimemsema maisha yangu yote na sijazoea kuacha.

Alisoma shule za mtaani kwetu akamaliza mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wake aliandika kwamba Clifford anajua kufungua kila kitu, na huenda siku moja akajua pia kukifunga. Mama aliibandika ripoti hiyo ukutani jikoni, ikakaa hadi ikawa njano.

Akajifunza ufundi wa televisheni, na mwaka 1981 akafungua duka la kuazimisha kanda za video hapo Lord Street. Rafu ya juu kabisa ilikuwa ya mchekeshaji Wally Thripp. Watoto mliozaliwa juzi hamumjui: bwana mnene mwenye kofia ya duara ambaye akigonga kiti, alivua kofia na kukiomba radhi. Clifford alikusanya kazi zake zote, na mtu mwenye mikono ya mafuta ya chipsi hakuruhusiwa kuzigusa. Kila mteja alipewa somo lile lile: kanda unayoipenda, vunja kile kijino cha plastiki mgongoni, ili deki isiweze kurekodi juu yake. Aliwachosha watu kwa kijino hicho.

Tarehe 4 Juni 1983 alimwoa Glenys Pryce, binti wa Rhyl. Rafiki yao aliichukua harusi kwa kamera ya video. Mzee Idris, baba yake Glenys, ndiye aliyempeleka bibi harusi kanisani, na Oktoba ya mwaka huo huo moyo ukamsimama. Kanda ile ikawa mahali pekee ambapo mzee alikuwa bado anatembea na kucheka.

Siku ya pili ya Krismasi mwaka huo, Thripp alikuwa na kipindi chake cha mwisho kwenye televisheni. Clifford, kwa haraka, aliidaka kanda iliyokuwa juu ya deki akakirekodi humo. Kesho yake mama mkwe alikuja kuitazama harusi. Aliketi na chai yake, Clifford akabonyeza, akatokea Thripp.

“Clifford,” Glenys aliuliza, “baba yangu yuko wapi?”

Clifford aliitoa kanda akaigeuza. Kijino kilikuwepo, kizima. Mganga hajigangi.

Wifi yangu alikaa Rhyl kwa mama yake majuma matatu. Nilipompigia simu kumbembeleza aliniambia, “Wifi, mwambie kaka yako narudi. Lakini kanda ni yangu, na asiniulize habari zake mpaka nife.” Aliifungia katika kopo la biskuti chini ya ngazi. Walimpata Bronwen, wakacheka, wakazeeka pamoja, wala kopo halikutajwa. Lakini rafu ya Thripp Clifford aliishusha mwenyewe. Aliniambia hawezi tena kumcheka.

Februari 2023 madaktari walimwambia mapafu yake yameharibika na hayatapona. Majira hayo hayo gazeti likatangaza kwamba kazi zote za Thripp zinatolewa upya katika diski, isipokuwa kipindi cha mwisho. Kituo kilichokirusha kilifuta nakala yake ili kuitumia kanda tena. Anayejua iliko nyingine anaombwa kusema.

Clifford hakusema. Ni Glenys aliyesoma tangazo, akaliweka kopo mezani.

“Isafishe,” alimwambia. “Watu wamcheke huyo mnene wako. Mimi nimechoka kulinda kopo.”

Kanda ilikuwa na ukungu. Alifanya kazi wiki mbili kwa pamba na spiriti, huku akihema, nami nikimshikia taa na kumgombeza. Tulipoiweka ndani ya deki, Glenys alikuwa mlangoni amevaa koti, tayari kutoka. Thripp aliviomba radhi viti vyake vyote kwa dakika hamsini, kisha skrini ikajaa chenga. Clifford akanyoosha mkono kuizima.

“Ngoja,” Glenys alisema.

Kwa miaka arobaini hakuna aliyejiuliza harusi ilikuwa ya dakika ngapi. Chenga ziliondoka, tukaona ukumbi, keki, na Mzee Idris akirudi nyuma hadi akaigonga meza. Akavua kofia. Akaiomba meza radhi, mfano wa Thripp mtupu, na bibi harusi nyuma yake anacheka hadi ameshika ukuta.

Wifi alivua koti akaketi. Waliitazama mara sita. Kaka yangu alilia, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, alimcheka Thripp.

Diski zilitoka Novemba, jina la Clifford likiwa ndani. Alifariki katika nyumba ya wagonjwa tarehe 9 Machi 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Ameacha mke, Glenys. Binti, Bronwen, na mumewe Keir. Wajukuu Mabel na Osian. Nami dada yake, ambaye sasa sina wa kumsema.

Siku moja kabla hajatuacha, Glenys alileta kanda kitandani pake, akakivunja kijino mbele ya macho yake. “Haya,” alimwambia. “Hakuna atakayemfuta tena.” Kijino hicho kimo katika mfuko wa shati tunalomzika nalo.

Lala kwa amani, kaka. Umesamehewa.