Uji Mwekundu wa Mutsinzi

Mbele ya duka la Usumani fundi cherehani, hapo Gitega mjini Kigali, kuna benchi moja la mbao na birika moja la kahawa. Benchi ni la Usumani. Birika ni la Raïssa, anayemimina kutwa akiwa amesimama, mwanawe Kaliza kamfunga mgongoni. Watu wa benchi hilo hawana desturi ya kusema "sijui". Waulize njia ya kwenda mwezini, watakuelekeza mpaka pa kukata kona. Ndiyo maana alasiri ile Mutsinzi, mume wa Raïssa, aliwapelekea shida yake. Machimbo ya bati alikokuwa akiosha mchanga yalikuwa yamefungwa, na kiwanda kimoja cha Gine, huko Afrika Magharibi, kilikuwa kinatafuta watu. Msimamizi wake, Mkongomani wa Bukavu, angempigia simu kabla jua halijatua. Jirani aliyepigiwa jana akakosa kazi alikuwa amempenyezea swali lenyewe: mawe mekundu ya kutolea alumini yakishasagwa na kupikwa kwenye soda kali mpaka yawe uji, takataka utaitoaje kwenye uji huo?

Usumani, ambaye wote humwita Sentimita kwa ajili ya mkanda wa kupimia usiomtoka shingoni, hakuhitaji kufikiri.

— Hiyo ni kazi ya kitambaa, Baba Kaliza. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maana yake uji unachujwa kwa nguo. Tena si chandarua. Kitambaa cha suti.

— Uji wa kiwanda kizima, mzee?

— Suti kubwa.

Rutayisire alicheka. Huyu ni dereva mstaafu aliyekulia Karagwe, na jina lake la kijiweni ni Handibreki.

— Wapi. Sentimita anaiona dunia kwa tundu la sindano. Wanafanya kama sisi na umutobe, maji ya ndizi. Unatia nyasi, unakanda, nyasi zinashika makapi, maji yanatoka safi.

— Kwenye soda kali? aliuliza Mutsinzi. Mikono itabaki?

— Wanavaa glavu, sha.

— Na nyasi za kukanda kiwanda kizima, alisema Usumani, zitatoka wapi? Ng'ombe wa Gine watakula nini?

Rutayisire aliona amebanwa, akabadilisha gia.

— Basi ni malori. Unajaza uji kwenye tangi, unaendesha barabara mbovu kutwa nzima, kama mama anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Siagi inakwenda upande wake. Unafikiri kwa nini Rwanda hatuna kiwanda hicho? Lami tupu, hakuna shimo. Uji utafika Kagarama vilevile ulivyotoka Kimironko. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza kibaba kimeingiaje.

Raïssa alitaka kucheka, ila alimwona mumewe akichezesha midomo. Kila walichosema alikuwa anakikariri: suti, nyasi, lori. Na kukasirika hakuweza, maana alikuwa ameona mambo mengine pia. Tangu adhuhuri Usumani hakuwa amekanyaga cherehani yake, ingawa magauni ya watu yalikuwa yamelundikana, ili mlio wa simu usipotee. Rutayisire naye, bila kusema kitu, alikuwa amemmiminia Mutsinzi nusu ya kikombe chake.

— Baba Kaliza, alisema Raïssa, wewe mwenyewe utamjibu nini?

— Ninachokijua. Unamwaga mchanga kwenye mfereji, tope linaondoka na maji, mali inabaki chini. Maisha yangu yote nimeosha hivyo. Tope ni tope.

— Umemaliza, alisema Usumani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sema hivyo hivyo, alisema Rutayisire. Halafu ongeza lori.

Mlangoni alikuwa amesimama dada mmoja mgeni, Winifred, aliyefuata gauni lake na kukuta halijashonwa. Hakulalamika. Alikuwa anasikiliza.

— Samahani, wazee. Hiyo kitu wanatafuta, hiyo ya kutengeneza masufuria, iko wapi? Iko chini na tope, ama imeyeyuka iko ndani ya maji?

Rutayisire alichungulia kikombe chake.

— Inategemea, alisema.

— Inategemea nini, mzee?

Mutsinzi alikuwa amesimama. Kama mali ilikuwa ndani ya maji, basi kwa jibu lake angeiachia yote iende mtoni, abaki amekumbatia takataka.

Simu ikalia.

— Ndiyo, bosi. Ndiye mimi. Bati, ndiyo. Kutoa takataka?

Aliwatazama. Usumani alinyoosha mkanda wake hewani, kipimo cha suti. Rutayisire alizungusha usukani usioonekana. Mutsinzi akawapa mgongo.

— Bosi, sijui. Kwetu mali inabaki chini. Kwenu iko chini, au iko ndani ya maji?

Rutayisire alifumba macho, kama mtu anayeona gari likiacha barabara.

— Eeh, alisema Mutsinzi baada ya kusikiliza maelezo. Kwa hiyo cha chini ndicho takataka. Mnatia dawa, chembe za tope zinashikana, zinazama. Kisha tope hilo mnaliosha tena? Kwa nini? Aa, bado lina soda. Nimekuelewa, bosi. Asante sana, bosi.

Aliiweka simu mfukoni taratibu.

— Amesema wengine wote walijua, alisema. Walimwambia watamwaga maji. Niende na pasipoti Jumatatu.

Usumani alimshika mkono, akamwachia, akamshika tena. Rutayisire alisema hata suti ya Sentimita ingefaa, kama mtu angepewa muda wa kueleza. Raïssa alikuwa bado ameshika birika.

— Hongera, kaka, alisema Winifred. Na utarudi lini?

Mutsinzi aliitoa simu, akaitazama. Hakuwa ameuliza.

Alimgeukia Usumani, Usumani akamgeukia Rutayisire. Kisha Usumani akasogea mpaka ukingoni, akapangusa mbao kwa kiganja.

— Keti, Mama Kaliza, alisema.

Raïssa akaweka birika chini, akaketi.