Dada, Mchapaji wa Orodha ya Alhamisi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada, mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yetu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa karatasi iliyopitishwa na kikao jana ilikuwa fupi kuliko hii, kwa sababu kikao kiliona mbwa wasitajwe mbele za watu, nami nilijaribu kuwaondoa nikaona habari yenyewe haisimami.

Dada alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana alikofanya kazi baba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, na sekondari kuanzia 1977 hadi 1980, kisha akajifunza uchapaji, na mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ana mikono myepesi na mdomo mzito, maneno tuliyoyacheka miaka mingi, maana nyumbani mdomo huo haukupata kuwa mzito hata siku moja.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa na manispaa, idara ya afya, akakaa kwenye meza ileile karibu na dirisha lisilofunga hadi alipostaafu mwaka 2022, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuchapa kila Alhamisi orodha ya mbwa wa banda la manispaa waliotimiza siku kumi na nne bila mtu kuwachukua, ambao kesho yake walichomwa sindano. Alhamisi ya tarehe 16 Machi 1989 aliruka mstari mmoja, kosa la kawaida kwa mchapaji, na mlinzi wa banda akapiga simu akilalamika kwamba kuna mbwa hayumo kwenye orodha, kwa hiyo haruhusiwi kumuua, na siku zake za posho zimekwisha, kwa hiyo haruhusiwi kumlisha, basi aliyemsahau aje amchukue mwenyewe. Dada alikwenda na kikapu akidhani ni kitoto, akamkuta dume zee lenye jicho moja, akarudi nalo kwa miguu.

Hakuruka mstari tena, kazi yake aliiheshimu, ila tangu hapo, uani pakiwa na nafasi, alipita bandani Alhamisi jioni na kuuliza ni yupi ambaye watu wakija kuchagua hawamtazami hata mara moja, na huyo ndiye aliyeondoka naye. Kwa miaka thelathini na mitano alichukua mbwa arobaini na mmoja, vipofu, vilema, wazee na wenye upele, akawatibu, ishirini na sita akawatafutia watu wa kuwalea, kumi na wawili wakafia mikononi mwake, na watatu ndio aliowaacha uani alipolazwa. Mtaani alibatizwa Mama Majibwa, akaitika, na sisi ndugu zake tulipomwita hivyo kwa utani, aliitika pia, lakini hakutazama upande wetu.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na fundi wa redio, ambaye yuko nasi hapa na ninamshukuru kwa kuja, wakaishi pamoja hadi 1999, alipofunga masanduku yake akisema alioa mke mmoja, hakuoa banda zima, na sitamlaumu, kwani mwaka ule uani walikuwa tisa. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1993 na kuishi siku tatu. Watu walisema mbwa wamechukua nafasi ya mtoto, wakati mbwa ndio waliotangulia, na dada aliwajibu mara moja tu, kwamba mtoto ni mtoto na mbwa ni mbwa, na asiyejua tofauti yake ndiye wa kuonewa huruma.

Tarehe 2 Mei 2024 alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, akanikabidhi funguo na mbwa watatu, Meneja, aliyekuwa kiziwi, Kigoda, mwenye miguu mitatu, na Bibi Harusi, ambaye hakuwa na jino hata moja na chakula chake kilipaswa kupondwa. Niliwatunza siku nne. Shangazi aliyekuja kumuuguza alisema kifua chake hakivumilii manyoya, na kwamba mgonjwa akirudi atahitaji hewa safi, na alisema kwa nia njema, nami nilikuwa nimechoka, hivyo Jumatatu tarehe 6 Mei niliwapeleka banda la manispaa, na fomu iliponiuliza mwenye mbwa ni nani, niliandika kwamba hawana mwenyewe, siku ambayo mwenyewe alikuwa hai, wodi ya pili, kitanda cha dirishani.

Kila jioni aliniuliza kama wamekula, nikasema wamekula, akauliza kama Bibi Harusi nimempondea, nikasema nimempondea, hata nikaongeza kwamba amenenepa, akacheka, akasema kumbe nilikuwa na mikono na sikuwaambia watu. Kumbe Bibi Harusi na Meneja walikwishachomwa sindano tarehe 9 Mei, maana waling'atwa na wenzao bandani, na wenye vidonda hawasubiri siku kumi na nne. Jumatano tarehe 22 Mei mlinzi wa banda, sasa mzee wa kustaafu, alikuja wodini kumpa pole kwa msiba wa mbwa wawili, akidhani anajua. Dada aliweka sahihi ya kutoka hospitalini kinyume cha ushauri wa daktari, akakodi gari akiwa na nguo za wodini, akamtoa Kigoda siku moja kabla ya orodha.

Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 30 Mei 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka 61. Katika siku zile nane sikumsikia akinigombeza. Hakuniuliza tena kitu chochote, na alipotaka maji alimwita jirani aliyekuwa jikoni, ilhali mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake na birika nimelishika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, wafanyakazi wenzake wa idara ya afya, mlinzi wa banda, aliyesema ukweli uliotushinda sisi ndugu, na jirani yake, fundi viatu, ambaye tangu jana anaishi na Kigoda, kwa sababu kikaoni tulipoulizana nani atamchukua, tulikuwa watu kumi na watatu, kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli.

Dada, amani tuliyokunyima ukiwa kitandani, uipate huko uendako. Pumzika.