Risala ya Wachungaji wa Kashka-Bulak Kuhusu Mbwa Wao Moynok na Orodha ya Mbwa Hatari

Mgeni rasmi na kaka yetu mkubwa, Ernis baike, Naibu Mkuu wa Wilaya yetu;
Ndugu daktari wa mifugo uliyefuatana naye;
Ndugu dereva wa gari lenye tundu la chuma;
Mama na apa zetu, kaka zetu, na watoto mlioahidiwa peremende ili mkae kimya:

Anayekusomea risala hii ni Aizirek, mkwe wa Salkyn apa, mama wa Begimai mwenye miaka mitatu. Alimaliza masomo ya jioni pale wilayani majira ya baridi yaliyopita. Tumemchagua yeye kwa sababu mwandiko wake unasomeka, na kwa sababu wengine wetu tungeharibu. Salkyn apa mwenyewe alisema, "Soma wewe, mwanangu. Nikisimama mimi, mgeni atashindwa kumeza nyama."

Makaribisho

Karibu sana malishoni, Ernis baike. Kumisi unayokunywa, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, imesukwasukwa kwa ajili yako tangu alfajiri.

Kwa desturi yetu mgeni husimama mbali na hema, akapaza sauti, "Shikeni mbwa!" Mwenyeji hutoka, mbwa hushikwa, ndipo mgeni hushuka kwenye farasi. Wewe ulikuja na gari hadi mlangoni, na hukupaza sauti. Mbwa wetu thelathini na mmoja, wote wakiwa hatari kwa mujibu wa hati ya ofisi yako, walisimama wakakutazama, wakatutazama sisi, kisha wakalala. Tunaomba radhi ikiwa hawakufikia kiwango kilichotarajiwa.

Historia yetu na ya mbwa wetu

Mtoto wa mbwa akiwa na siku chache, tunamkata masikio na mkia, kwa kuwa hapo ndipo mbwa mwitu huanza kumshika. Kwa hiyo, mheshimiwa, mbwa wa kwetu asiye na masikio hakuzaliwa na hasira. Amevalishwa nguo za kazi. Wewe umevaa tai, na hakuna aliyekuogopa kwa hilo.

Sasa inatubidi tukiri kosa, maana ni letu wenyewe. Miaka miwili iliyopita serikali ilihesabu farasi majike, na waliokuwa na farasi wa aina halisi walipewa mazulia. Basi vuli iliyopita alipokuja karani kijana kuhesabu mbwa, sisi tuliona zulia tu. Alianzia kwa Salkyn apa.

"Aina gani huyu?"

"Mbwa."

"Naona ni mbwa, apa. Nauliza aina yake."

"Wa kulinda."

"Hiyo haimo humu. Lazima nichague jina."

Hapo jirani yetu Tashtan akadakia, "Andika alabai! Alabai halisi, upande wa baba na upande wa mama! Na wangu pia!"

Wa Tashtan anaitwa Chychkan, yaani Panya, ni wa manjano, na anamkimbia kuku. Karani akaandika: alabai, ile aina ya majitu ya mbwa wa kulinda. Baada ya hapo nani angekubali kuwa na mbwa wa chini kuliko Chychkan? Tulifuatana hema kwa hema, kila mmoja akimkweza wake. Salkyn apa alipoona wenzake wanampita, akamrudia karani akiwa ameshaingia garini, akagonga kioo: "We kijana! Kwa Moynok wangu ongeza kwamba ndiye mkali kuliko wote!"

Karani akaongeza. Tulingoja zulia. Ikaja amri ya kupiga marufuku alabai.

Mafanikio

Ndugu zetu wa malisho ya Sary-Jon walitii amri mapema, na tundu la chuma lilikwenda huko masika. Tangu hapo ushirikiano wa mbwa mwitu umekuwa mzuri mno. Wanafika kila wiki, wanachagua kondoo wanene, wanaondoka bila kubughudhiwa. Mbwa mwitu hayumo katika orodha, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Sisi huku hatujapoteza hata kondoo mmoja kwa mbwa mwitu, na tunajua kwamba hilo linatuonyesha kuwa wakaidi.

Kuhusu kung'atwa, Aizirek alikwenda zahanati akaomba kusoma daftari la majeraha. Kwa mwaka mzima ameng'atwa mtu mmoja, Tashtan, kisigino cha kushoto. Aliyemng'ata ni mbwa mdogo mweupe aliyeletwa ndani ya mkoba na mgeni mmoja kutoka mjini. Aina yake haimo katika orodha, na sisi hatuombi iingizwe. Yule mbwa alikuwa mgeni, ana njaa, na Tashtan alimkanyaga. Hata yeye asingependa kuhukumiwa kwa ajili ya ukoo wake.

Changamoto

Changamoto yetu ni sketi moja.

Siku ya kuhamia huku juu, mto ulikuwa umejaa maji ya theluji. Aizirek alikuwa anafunga mzigo juu ya farasi, mgongo ameupa mto, meno yameshika ncha ya kamba. Begimai akamfuata mwanakondoo aliyekuwa anateremka kuelekea majini. Moynok akatoka kundini mbio, akaudaka upindo wa sketi kwa nyuma, akakaa chini. Mtoto akavuta mbele. Moynok hakuachia. Sketi ikachanika toka kiunoni hadi chini, na Begimai akapiga yowe lililosikika bonde zima: "Mamaa! Moynok ananilaaa!"

Ng'ambo walikuwa wakipita wapima ardhi. Walisikia walichosikia, wakaripoti. Katika hati tumesoma: "Mbwa wa aina iliyopigwa marufuku, jike, asiye na masikio, mwenye sifa ya kuwa mkali kuliko wote, amemshambulia mtoto." Hatuwalaumu. Yowe lile hata sisi lilitutoa jasho. Lakini hakuna aliyerudi kumuuliza mtoto. Mama yake alimuuliza, akimvua kile kilichobaki cha sketi.

"Moynok kakuuma wapi?"

"Hapa." Akaonyesha kitambaa.

"Na wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kuoga na kondoo."

Yule mwanakondoo tulimwona kesho yake, chini kwenye kona ya mto, amekufa maji. Aizirek alimtazama. Alikaa palepale kwenye mawe, akamshika Moynok shingoni pale penye manyoya meupe. Tangu siku hiyo Salkyn apa hajisifu tena. Anasema zulia alilolitaka lilikuwa karibu kumfunika mjukuu, kama tundu la chuma lingefika mapema, na sasa linakwenda kumfunika mbwa. Kila asubuhi humpa Moynok mchuzi kabla ya kunywa yeye, jambo ambalo hata marehemu mumewe hakulipata.

Amri inasema Moynok "ataondolewa" leo, baada ya chakula. Tumeuliza ataondolewa kwenda wapi. Ndugu daktari aliangalia viatu vyake. Tunamshukuru kwa kuangalia viatu, maana mwingine angetuangalia usoni.

Maombi

Hatuji kusema kwamba mbwa wetu ni malaika. Mbwa yeyote anaweza kuuma, na mtoto ni mtoto, awe amelala hemani au ghorofani mjini. Mwenye mbwa mkorofi na ashtakiwe, alipe, amfunge mbwa wake mnyororo. Tunachoomba ni kwamba sheria iulize: mbwa huyu amefanya nini, na mwenye mbwa alikuwa wapi? Isiulize tu masikio yake yako wapi. Kwa kuuliza masikio, Chychkan atapanda tunduni leo pamoja na woga wake wote, na yule mweupe wa mkobani atabaki huru na visigino vyetu.

Hilo ni ombi la wote, na tunajua lina safari ndefu ya kupita mezani kwa watu. Ombi la pili ni dogo, na liko ndani ya uwezo wako leo hii, kabla gari halijawashwa.

Miaka mitano iliyopita mama yake Moynok alizaa watoto wawili. Kwetu mtoto wa mbwa mzuri hauzwi, hupewa mtu tunayemheshimu. Moynok alibaki. Kaka yake, aliyekatwa masikio siku ileile kwa mkasi uleule, aliondoka ndani ya koti la mgeni mmoja, akapelekwa wilayani. Nyumba hatutaitaja. Geti lake ni la kijani, na wewe unalijua kuliko sisi.

Aizirek alipita kwenye geti hilo kila alipokwenda masomoni. Yule mbwa alikuwa akinusa koti lake, anaisikia harufu ya dada yake, analia polepole kwa chini ya geti. Na kwa kuwa mwalimu aliwaambia wasome kila karatasi wanayokutana nayo, Aizirek alisoma na ile iliyobandikwa ukutani pa ofisi, orodha ya mbwa wa mtaa huo. Mbele ya nyumba ile pameandikwa: "Mbwa mmoja, wa kawaida, mpole."

Mheshimiwa, hatusemi ni uongo. Ni kweli tupu. Ni mpole, na tunafurahi kwamba anakula vizuri na ana paa. Tunaomba tu Moynok naye aandikwe kwa kalamu ileile.

Hitimisho

Usichoke nasi, Ernis baike. Sisi hatuna kinyongo, na Aizirek ana matumaini makubwa, ndiyo maana ameandika kwa wino. Tunakuombea nyumba yako isikose maziwa, safari yako isikose njia, na watoto wako wasiite usiwasikie. Omin.

Sasa kichwa cha kondoo kimewekwa mbele yako, kama kinavyowekwa mbele ya mgeni mkubwa, na kisu kiko kulia kwako. Begimai anakuja kukaa karibu nawe. Sketi aliyovaa ni ileile. Utaona mshono, mama yake hakuuficha. Kwa desturi utamkatia sikio moja, alile, ili ajifunze kuwasikia wakubwa.

Sikio la pili huwa tunampa mtoto mwingine. Leo tunaomba ulile wewe.

Ni sisi,
Wachungaji wa Malisho ya Kashka-Bulak,
pamoja na Moynok, aliyelala kwenye kivuli cha gari lako